Namna ya Kuchora Mwenendo wa Wageni wa Jozani na Ngezi

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyoko Unguja, Zanzibar, na iliyotangazwa mwaka 2004, hupokea wageni wa aina mbili ambao kalenda zao hazifanani: watalii wa nje na wakaazi wa visiwani. Grafu inayowachanganya katika mstari mmoja humweleza msomaji jambo ambalo pengine halikutokea. Maelezo yafuatayo ni kwa ofisa wa hifadhi, mwanafunzi au mjumbe wa kamati ya kijiji mwenye kompyuta na programu ya kawaida ya lahajedwali (jedwali la kompyuta, kama Excel).

Kazi huanzia kwenye daftari la getini. Mtembeza wageni anapofika na kundi la watu sita, mara nyingi huandikwa mstari mmoja tu: tarehe, uraia, idadi na nambari ya risiti. Atakayehesabu mistari atapata mgeni mmoja, na atakayejumlisha idadi atapata sita. Kwa hiyo lahajedwali iwe na safu ya idadi ya watu iliyo peke yake, safu ya kundi (mkaazi au mtalii wa nje), na safu ya risiti, ili jumla ya wageni ilinganishwe na mapato ya mwezi kabla ya kuchorwa chochote. Tarehe nazo zina hila yake, kwani 03/04/2024 huweza kusomwa na mashine kuwa tarehe 4 Machi badala ya tarehe 3 Aprili. Andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Mwezi ambao lango lilifungwa uandikiwe 0, lakini mwezi ambao daftari lake limepotea uachwe wazi. Hapo mstari wa grafu utakatika, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kutokuwa na wageni si sawa na kutokuwa na kumbukumbu.

Ukishapata jumla za kila mwezi, usikimbilie kuunganisha miezi yote katika mstari mmoja mrefu unaopanda na kushuka. Watalii wa nje hupungua wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, kisha huongezeka Julai na Agosti na tena kuelekea mwisho wa mwaka, hivyo kusema kwamba Agosti imeipita Mei ni kueleza hali ya hewa na likizo za Ulaya tu. Weka Januari hadi Disemba kwenye mhimili wa mlalo na idadi ya wageni kwenye mhimili wa wima, halafu kila mwaka uwe na mstari wake: mwaka wa karibuni uwe mnene na mweusi, iliyotangulia iwe ya kijivu. Msomaji ataona mara moja kama Mei hii imeizidi Mei iliyopita. Anayetaka mwenendo wa miaka mingi achore jumla ya miezi 12 inayosogea, yaani kila mwezi ujumlishwe na 11 iliyoutangulia.

Njia hiyo haiwatoshi wakaazi, ambao hufuata likizo za skuli na kalenda ya Kiislamu, nayo hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Idd el-Fitri iliangukia Julai mwaka 2016, Juni mwaka 2019 na Aprili mwaka 2024. Asiyelijua hili ataona wakaazi wamepungua Juni na kuongezeka Aprili, atafute sababu kwenye bei ya tiketi, kumbe ni sikukuu iliyohama. Paka utepe hafifu kwenye siku za Ramadhani za kila mwaka na uweke alama ya Idd. Mimi naona grafu ya wageni wa Zanzibar isiyo na alama hizo haijakamilika.

Mwaka 2020, safari za ndege za kimataifa zilipositishwa kwa sababu ya UVIKO-19, usifutwe. Uwekewe maelezo, na ukuaji wa miaka iliyofuata upimwe kwa 2019, kwani asilimia inayopatikana kwa kulinganisha na 2020 hutoka kubwa mno bila ya maana.

Ukitaka kuweka Ngezi, msitu wa hifadhi wa Pemba, karibu na Jozani, utaona mstari wa Ngezi umelala chini kabisa, kwa sababu wageni wake ni wachache zaidi. Gawa idadi ya kila mwaka kwa idadi ya mwaka wa msingi, yaani mwaka uliouchagua kuwa wa kuanzia, kisha zidisha kwa 100; namba inayopatikana huitwa fahirisi. Tuseme msitu ulipata wageni 800 mwaka wa msingi na 1,000 mwaka uliofuata: fahirisi ni 125. Misitu yote miwili sasa huanzia 100, na kinacholinganishwa ni kasi ya mabadiliko. Fahirisi huficha ukubwa, kwa hiyo idadi halisi iandikwe pembeni mwa kila mstari.

Kuhusu sura, machache yanatosha. Grafu ya nguzo ianzie sifuri, na mistari itofautishwe kwa unene na vitone, maana nakala za mkutanoni mara nyingi hutolewa kwa fotokopi isiyo na rangi. Chini ya grafu andika ni nani aliyehesabiwa, kama watoto na wanafunzi wa ziara za skuli wamo, na tarehe ya mwisho ya takwimu.