Kufufua Barbie wa zamani aliyetoka mitumbani: nywele, wino na masikio ya kijani

Midoli ya mitindo ya miaka ya 1970, 1980 na 1990 bado inaokotwa Memorial pale Moshi na Kilombero hapa Arusha. Mara nyingi inakuja chini ya belo la vitu vya watoto, haina nguo, nywele zimekuwa kama stilwaya, miguu imechorwa na biki. Mwongozo huu ni wa kuirudisha katika hali nzuri bila kuiumiza. Mtoto huchafua mdoli, lakini anayeuua kabisa ni mtu mzima mwenye jiki, asetoni na maji ya moto ambayo hakuyapima. Vitu hivyo viwili vya kwanza viondoe mezani kabla hujaanza. Cha tatu tutakipima.

Hatua ya 1: Ujue umeshika nini

Geuza mdoli, tazama mgongoni chini ya kiuno. Ukikuta 1966, usikimbilie kutangaza kwamba una mdoli wa mwaka huo. Huo ni mwaka wa haki ya ubunifu wa kiwiliwili kinachozunguka kiunoni, na Mattel, kampuni inayotengeneza Barbie, waliendelea kuupiga chapa mpaka miaka ya 1990. Ndivyo ilivyo pia kwa 1976 inayosomeka kwenye ukingo wa kichwa pale shingoni: ni mwaka wa umbo la uso, na uso huo ulitumika kwa zaidi ya miaka ishirini. Watu wanauziwa bei za ajabu kwa sababu ya tarakimu hizi mbili.

Kinachosaidia zaidi ni jina la nchi. Barbie alizinduliwa New York Machi 1959, na wale wa mwanzo walitengenezwa Japani. Kwa hiyo ukisoma Japan, tulia, una kitu cha kutunza. Ukisoma Malaysia, China au Indonesia, una mdoli wa karibuni zaidi, na huo ndio mzuri wa kujifunzia. Kwa kuwa mitumba mingi inatoka Uingereza, utakutana pia na Sindy, mdoli wa Kiingereza aliyeanza kuuzwa na kampuni ya Pedigree mwaka 1963. Ana kichwa kikubwa kuliko cha Barbie, na nyuma ya shingo mara nyingi kuna chapa 033055X.

Halafu bonyeza kwa kidole. Kichwa ni vinaili laini, kiwiliwili ni plastiki ngumu, miguu ni vinaili inayonyumbulika. Hivi ni vitu vitatu tofauti, na dawa ya kimoja ni sumu ya kingine. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, kwa mfano, inayeyusha kiwiliwili papo hapo.

Hatua ya 2: Kuosha

Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji ya uvuguvugu na mswaki laini wa mtoto. Usiuzamishe mdoli mzima kwenye beseni. Miguu inayokunjwa gotini ina kiunzi ndani, na kwa midoli mingi ya zamani kiunzi hicho ni cha chuma. Maji yakiingia, kutu inatoka taratibu hadi kwenye vinaili na hakuna dawa ya kuifuata humo ndani. Futa kwa kitambaa chenye povu, futa tena kwa kitambaa chenye maji safi, kausha.

Hatua ya 3: Nywele

Usiguse maji ya moto kabla hujajua nywele ni za nyuzi gani. Midoli hii ina saran, nailoni, kanekaloni au polipropilini. Tatu za kwanza zinanyooka kwa moto wa kadiri. Ya nne hainyooki vizuri hata ufanyeje, na ukizidisha joto inajikunja na kukakamaa, basi.

Kipimo ni rahisi. Kata nywele tatu nne katikati ya kisogo, kwa ndani, mahali pasipoonekana. Zisugue na tone la sabuni ili hewa iliyonasa itoke, kisha zitie kwenye glasi ya maji na uzisukume chini kwa sindano. Zikipanda juu na kuelea, ni polipropilini. Zikizama, ni mojawapo ya zile tatu. Ukiruka sabuni, hewa itazielesha nywele zote na utapata jibu la uongo.

Katika zile zinazozama, saran ni nzito, inalala chini na kung'aa. Nailoni ni laini na inaruka ukiiachia. Kanekaloni ni nyembamba, inafanana sana na nywele za mtu na hupenda kutoa vumbi la nywele zilizokatika. Kama huwezi kutofautisha, ichukulie ni kanekaloni, maana ndiyo inayohitaji joto dogo.

Sasa joto. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanasema tu "maji yanayochemka", na waandishi wake wanakaa karibu na usawa wa bahari. Arusha mjini tuko kama mita 1,400, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Moshi ni kama 97. Bado ni moto mno kwa nywele za mdoli, lakini ukijua namba hiyo huhitaji hata kipimajoto. Vikombe vitatu vya maji yaliyotoka kuchemka pamoja na kikombe kimoja cha maji ya bomba vinakupa nyuzi 75 hivi, zinazofaa saran na nailoni. Vikombe vitatu vya moto kwa viwili vya bomba vinakupa kama 65, ndizo za kanekaloni. Suuza bakuli kwa maji ya moto kwanza, la sivyo litakunywa joto lote. Kwa polipropilini tumia maji ya uvuguvugu na kondishena tu, kisha ukubali zitakavyotoka.

Kabla ya maji hayo, osha nywele kwa sabuni, paka kondishena nyingi, acha nusu saa, ndipo uchambue mafundo. Anza nchani, panda kidogo kidogo kuelekea kichwani, ukishika shina la nywele kwa vidole vya mkono wa pili ili mzizi usivutwe. Tumia kitana cha chuma chenye meno membamba. Cha plastiki kina mishono midogo kwenye meno inayokwaruza na kukata nywele. Fundo lililokataa lifungue kwa sindano, unywele mmoja mmoja.

Nywele zikishachambuka, funga uso kwa kitambaa, geuza mdoli kichwa chini na uchovye nywele tu, sekunde kumi. Toa, chana, chovya tena. Mara tatu zinatosha. Malizia kwa maji ya baridi ili zishike umbo. Ukitaka mawimbi, zungushia nywele kwenye vipande vya mrija wa soda kabla ya kuchovya na usivifungue mpaka zikauke kabisa, siku mbili wakati wa jua, nne au zaidi wakati wa masika. Mdoli wenye kope za nywele, siyo za kuchorwa, usikaribishe uso wake na maji ya moto hata kidogo. Na kama mtindo wa kiwandani bado upo, hasa zile nywele za mbele zilizoviringwa, usiufumue, hautarudi.

Dada wa saluni akijitolea kunyoosha kwa pasi yake, mshukuru na ukatae. Pasi hizo zinafika nyuzi 200.

Kichwa kinachonata kinatokana na gundi ya kiwandani iliyowekwa ndani kushikilia nywele, nayo imeanza kupenya nje. Sabuni ya vyombo na poda ya mtoto huipunguza, lakini itarudi, kwa hiyo usilipie bei ya mdoli mzima.

Hatua ya 4: Wino wa biki na madoa ya nguo

Hapa ndipo midoli mingi inapoharibiwa. Wino ukikaa miaka kwenye vinaili hauko juu tena, umeingia ndani. Ndiyo maana kusugua hakusaidii. Spiriti inautawanya, doa dogo la bluu linakuwa wingu la bluu. Msasa unaacha alama nyeupe ambayo haitoki. Jiki inakula vinaili na haigusi wino.

Kinachofanya kazi ni dawa ya chunusi yenye benzoili peroksaidi. Nenda duka la dawa, omba ya asilimia 10. Ikikosekana, ya 5 inafanya kazi ila kwa muda mrefu zaidi. Soma boksi vizuri, kwa sababu krimu nyingi za chunusi zina dawa nyingine kabisa. Nunua nyeupe ya krimu, siyo ya kunawia.

Safisha sehemu kwa sabuni na uikaushe. Paka krimu juu ya doa tu kwa njiti ya kuchokolea meno au kijiti cha pamba, unene wa kama milimita 2. Funika kwa naironi ya kufungia chakula, ibane vizuri, kwa sababu krimu ikikauka kazi imesimama. Weka mdoli mahali penye mwanga wa jua kwa muda wa saa nne hadi sita. Osha, kausha, tazama, rudia kesho. Biki hafifu inaweza kutoka ndani ya siku chache. Makapeni inaweza kuchukua wiki kadhaa. Juni na Julai, mawingu yanapokaa juu ya Arusha siku nzima, hesabu muda mrefu zaidi na usihamishe kazi kwenye jiko ili kuharakisha.

Sasa tahadhari, na kila moja ina sababu yake.

Jua tunalotaka ni mwanga, siyo joto. Usilaze mdoli juu ya bati wala dashibodi ya gari. Miguu inapinda na kichwa kinabonyea. Dirishani ndani ya nyumba au kwenye meza ya mbao nje panatosha.

Dawa hii haijui doa ni lipi na rangi ya mdoli ni ipi. Inafifisha vyote. Ikivuka mpaka wa doa, unabaki na duara jeupe linaloonekana kuliko wino wenyewe. Kwa hiyo acha doa likiwa limebaki kidogo sana. Subiri siku nzima baada ya kuosha kabla ya kuamua kurudia, kwa maana vinaili iliyotoka kufunikwa inadanganya rangi mpaka ipumue.

Nyusi, macho na midomo vimepakwa rangi, navyo hufifia vilevile. Doa likiwa karibu na jicho, liache. Uso wenye alama ya kalamu shavuni na macho yake ya asili una thamani kuliko uso msafi uliochorwa upya.

Midoli yenye ngozi nyeusi usiipake dawa hii kabisa. Nasisitiza kwa sababu maelekezo mengi hayasemi. Christie wa 1968, yaani rafiki mweusi wa Barbie, na Barbie mweusi wa 1980, na wote waliofuata, rangi yao imechanganywa ndani ya vinaili. Benzoili peroksaidi inaichubua, panabaki baka la kijivu, na baka hilo halifutiki. Kwao tumia sabuni, kisha dawa ya meno nyeupe isiyo ya jeli kwa kitambaa laini, kwa mkono mwepesi. Kilichobaki kifunike kwa nguo. Na Christie wa zamani akiwa na nywele zenye wekundu wa kutu, hajapakwa rangi na mtu; kahawia yake ya awali hugeuka hivyo kwa umri. Usimpake piko.

Mwisho, krimu hii inafifisha nguo zako, taulo na kitambaa cha meza. Vaa kitu usichokijali.

Hatua ya 5: Masikio ya kijani

Midoli ya zamani ilivalishwa hereni zenye pini ya shaba. Shaba ikila vinaili, sikio linakuwa kijani, na kijani kinatambaa hadi shavuni. Chomoa pini kwanza, polepole, ukizungusha. Ikibaki ndani, hakuna dawa itakayoshinda. Safisha tundu kwa kijiti cha pamba chenye siki, suuza, kausha. Kisha fuata hatua ya 4 kwa mdoli wa ngozi nyeupe, ukijua kijani kinachelewa kuliko wino. Usirudishe pini ileile. Hifadhi hereni pembeni kwenye karatasi, usizitupe.

Hatua ya 6: Kutoa kichwa, kama hapana budi

Pasha shingo kwa draya mpaka vinaili ilegee mkononi, bana kichwa kiwe bapa, vuta huku ukikitikisa upande hadi upande. Kikikataa, pasha tena. Shingo ikichanika au kifundo cha ndani kikivunjika, mdoli umeisha thamani. Mdoli wa Japani sitoi kichwa kwa sababu yoyote ile.

Hatua ya 7: Nguo na kuhifadhi

Kitenge kipya kinatoa rangi, na rangi hiyo inaingia kwenye miguu ya vinaili kama wino. Kabla fundi cherehani hajakata, fua kipande mpaka maji yatoke meupe, kisha kisugue na kitambaa cheupe chenye maji. Kikiacha rangi, fua tena, au shona bitana nyeupe ndani.

Usifunge nywele kwa rababendi, inayeyuka na kugandamana nazo. Usiweke mdoli kwenye mfuko wa plastiki, wala viatu vya plastiki miguuni kwa miezi. Vinaili inatoa mafuta yake, na plastiki mbili zikigusana muda mrefu zinaachiana alama. Usitie nafutalini kwenye sanduku, inalainisha plastiki. Funga kila mdoli peke yake kwa kitambaa cha marekani kisichotiwa rangi, ulaze kwenye boksi la karatasi juu ya kabati la ndani, mbali na ukuta wa nje. Machi hadi Mei fungua boksi kila wiki mbili, uangalie ukungu nyuma ya magoti na kwenye mizizi ya nywele.