Kabla nozeli za gari lako hazijavuliwa

Gari likianza kumisi, likakosa nguvu mlimani au likanywa mafuta kupita kawaida, gereji nyingi hukimbilia kusafisha nozeli, yaani vipulizia mafuta vya injini. Huenda ndizo. Lakini plagi iliyochoka au koili (inayoipa plagi umeme) inayokufa huleta dalili zile zile, kwa hiyo gari lisomwe kwa mashine ya kupima makosa kwanza, na misimbo ya makosa uiandike kabla haijafutwa. P0301 inasema silinda ya kwanza haichomi sawasawa, basi, haijataja nozeli. Fundi ahamishie koili yake silinda nyingine, asome tena. Kosa likihama pamoja na koili, mbovu ni koili, si nozeli, na umeshaokoa pesa.

Jua pia mfumo wako. Nozeli ni vali ya umeme: kompyuta huifungua kwa milisekunde chache, na mafuta yanayosukumwa na pampu hutoka kama ukungu. Kwenye injini kama 1NZ-FE ya Toyota, ukungu huo hupulizwa kwenye njia ya hewa, kwa presha ya takriban baa 3. Injini ya Toyota ya aina ya D-4 kama 1AZ-FSE, iliyofungwa kwenye Noah nyingi, hupuliza ndani ya silinda kwenyewe kwa presha inayozidi hiyo zaidi ya mara kumi. Huko petroli haizioshi vali za kuingiza hewa, hivyo kaboni iliyoganda nyuma yake haitoki kwa kusafisha nozeli.

Dizeli za komoni reli, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa, ni habari nyingine kabisa, kwani presha hupita baa 1,000. Mtu yeyote asilegeze paipu ya presha injini ikiwaka, wala asitafute mvujo kwa kidole. Mafuta hayo hutoboa ngozi. Juu utaona kitundu kama cha sindano, kumbe ndani nyama inaharibika. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo hata kama hasikii maumivu. Tena, nozeli mpya za dizeli hizi mara nyingi huwa na msimbo wa kuingizwa kwenye kompyuta. Muulize fundi kama mashine yake inaweza, kabla hujanunua.

Kwa injini ya kawaida ya petroli, kabla ya kuvua nozeli, injini ipoe, fyuzi ya pampu ichomolewe, injini iwashwe mpaka ijizimikie, kisha waya hasi wa betri utolewe. Kizima moto kiwe karibu. Oringi mpya, yaani pete za mpira za kuziba nozeli, ziwe mkononi tayari, maana za zamani zimeshabonyea na kukakamaa. Zikirudishwa, petroli inaweza kuvujia juu ya injini ya moto. Hapo sikubali ubahili.

Omba uone nozeli zote zikipimwa pamoja kwenye mashine, kabla na baada ya kusafishwa, ulinganishe kiasi cha mafuta katika chupa ya kila nozeli. Chujio na tanki navyo vikaguliwe, la sivyo uchafu utarudi.

Zikishafungwa, fyuzi na betri zikarudishwa, swichi iwekwe "on" mara kadhaa bila kupiga stata, ili pampu, kwenye magari mengi, ijaze presha. Pitisha tochi kwenye kila nozeli. Pakiwa pakavu kote, washa.