Kuchagua risiva ya spika za sebuleni: isome mgongoni kwanza

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza shemeji yangu Kariakoo kununua risiva ya kuendeshea spika za sebuleni kwake, na kwa kuwa ni mtu wa nne kuniomba msaada huo mwaka huu, nimeona heri niandike utaratibu ninaoufuata. Muuzaji atakuonyesha uso wa mashine, wenye taa na kitufe kikubwa cha sauti. Wewe mwombe aigeuze, maana mengi ya kukufanya ununue au uache yameandikwa nyuma.

Hatua ya 1: Idadi ya spika

Alama ya 5.1 ina maana ya spika tano na sabufa moja. Ile ya 7.1 huongeza spika mbili za nyuma ya kochi, na kwa kuwa makochi yetu mengi yameegemea ukuta, spika hizo hazina pa kukaa. Chukua 5.1.

Hatua ya 2: Umeme

Risiva nyingi za mtumba zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako umeme ni volti 100, au Marekani, ambako ni volti 120, ilhali wa kwetu ni volti 230. Ukichomeka ukutani mashine iliyoandikwa AC 120V, utanusa moshi kabla ya kusikia wimbo. Inaweza kutumika kwa transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa nyuma ya risiva, lakini mimi sishauri: transfoma ya maana humeza nafuu yote ya bei, na iko siku mgeni atachomoa waya ili achaji simu, kisha aurudishe moja kwa moja ukutani. Tafuta iliyoandikwa 220-240V.

Hatua ya 3: Wati

Wati za PMPO, yaani za kilele cha kufumba na kufumbua, zinazochapishwa kwenye maboksi zipuuze kabisa. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu ambayo mashine huitoa mfululizo, kwa kila spika, zilizopimwa kwa ohmu 8 (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa spika) huku spika mbili zikilia pamoja. 60 hadi 80 za namna hiyo zinatosha sebule ya kawaida. Ikiwa unataka kutumia spika za seti ya zamani, soma ohmu zake, kwa sababu nyingi ni za ohmu 3 au 4, na risiva iliyoandikwa ohmu 6-16 inaweza kuchemka na kujizima katikati ya filamu.

Hatua ya 4: Sauti ya runinga itafikaje kwenye risiva

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza usiku mzima. Risiva yangu ilikuwa nzima na spika tano zimefungwa vizuri, lakini filamu niliyoifungua kwa intaneti ndani ya runinga ilisikika kwenye spika mbili za mbele tu. Nilibadilisha nyaya, nikakaza upya kila spika, na saa tisa usiku nikawa nimeshaamini kwamba nimeuziwa kimeo.

Ili sauti irudi kutoka kwenye runinga kwa waya wa HDMI, vyombo vyote viwili lazima viwe na ARC, yaani njia ya kurudisha sauti, iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Kwenye runinga huwa ni tundu moja tu lenye maandishi hayo, na kwenye risiva ni tundu la kutolea picha, si yale ya kuingizia. Matundu yangu yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, iliyowekwa PCM, yaani sauti iliyokwisha kufumbuliwa na runinga yenyewe, ambayo kwa ARC hupitisha sauti ya spika mbili peke yake. Nilipoiweka Bitstream, inayoiachia risiva kazi ya kuifumbua sauti, spika za nyuma zililia papo hapo.

Kuna tahadhari zaidi. CEC, inayoviwezesha vyombo kuamrishana kwa waya wa HDMI, lazima iwashwe pande zote mbili, na kila kampuni imeipa jina lake: Samsung huiita Anynet+, LG huiita Simplink. Risiva ya zamani inaweza isielewe Dolby Digital Plus, toleo jipya zaidi la mfumo wa sauti wa Dolby Digital, na hapo runinga iwekwe kwenye Dolby Digital ya kawaida. Waya wa mwanga (optical) hupitisha Dolby Digital ya 5.1, lakini si Plus. Dolby TrueHD, sauti isiyopunguzwa ubora, kutoka kwenye runinga inahitaji eARC, yaani ARC iliyoboreshwa. Kwa anayetazama filamu za intaneti, ARC inatosha. Na ikiwa kifaa chako cha 4K kitapitia kwenye risiva, hakikisha risiva ina HDCP 2.2, kinga ya kuzuia kunakili filamu, la sivyo huenda ukaambulia kioo cheusi.

Hatua ya 5: Ijaribu dukani

Nenda na spika moja na waya wako. Washa sauti ya majaribio, ule mvumo unaozunguka kutoka spika moja hadi nyingine, na uhamishe spika yako kila mvumo unapohama. Kisha jaribu kila tundu la HDMI. Usikubali risiva isiyo na rimoti. Ile aliyoipenda shemeji ilivuma vizuri mbele na nyuma, lakini ilipofika zamu ya spika ya katikati, inayobeba maneno ya waigizaji, ilikaa kimya. Tukairudisha rafuni, tukamwomba muuzaji aigeuze inayofuata.