Kuotesha Pilipili Ndani ya Nyumba Katika Nchi za Baridi

Nyumbani mpilipili huota wenyewe nyuma ya jiko, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, na mara nyingi mbegu yake imeletwa na ndege. Aliyetoka Tanga au Mombasa akahamia Minnesota, jimbo la baridi huko Marekani, hudhani kwamba mmea usiodai kitu kule hautadai kitu huku, akaweka kopo la udongo dirishani mwezi wa Februari, akangoja hadi akachoka. Kumbe mpilipili ulikuwa ukidai tangu zamani, ila jua la ikweta ndilo lililokuwa likilipa. Huku mlipaji ni wewe: kwanza joto la udongo, kisha mwanga, kisha upepo.

Amua mapema unataka pilipili ipi, kwa maana majina yenyewe hutatanisha. Kwa Wakenya na Watanzania wengi wa bara, hoho ni ile isiyowasha. Mzanzibari huiita hiyo pilipili boga, na katika kamusi za zamani pilipili hoho ndiyo kali yenyewe. Kitaalamu, ile isiyowasha, ambayo hapa nitaiita hoho, ni Capsicum annuum, pilipili mbuzi ni Capsicum chinense, na pilipili kichaa ni Capsicum frutescens. Kwa maoni yangu, mwenye nafasi finyu chini ya taa asianze na hoho, kwa kuwa inataka chungu kikubwa na huzaa matunda machache ambayo dukani hayana bei kubwa, ilhali mche mmoja wa mbuzi au kichaa hutosheleza nyumba nzima kwa miezi.

Mbegu za hoho ya kijani hazifai, kwa sababu tunda hilo halijakomaa. Chukua tunda lililoiva hadi likawa jekundu au la njano, nawe ujue kwamba hoho nyingi za dukani ni chotara, hivyo mche hautafanana na mama yake. Pilipili mbuzi huleta shida ndogo zaidi, na pakiti za ndugu zake, zilizoandikwa habanero au Scotch bonnet, hupatikana kwa urahisi. Usifiche mbegu kwenye bahasha ya barua kutoka nyumbani: Marekani na nchi za Ulaya zina masharti ya afya ya mimea, na mbegu zisizo na kibali au cheti hunyang'anywa forodhani.

Sia mbegu zako kwenye trei yenye udongo safi wa kuoteshea, kina cha nusu sentimita, mbili kwa kila tundu. Joto linalohitajika ni nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na hilo ni joto la udongo wala si la chumba. Chumba chenye nyuzi 21 huweza kuwa na udongo baridi zaidi, hasa karibu na dirisha. Mkeka wa umeme wa kupasha joto uliowekwa chini ya trei, pamoja na kipimajoto kilichochomekwa udongoni, humaliza tatizo hilo. Hoho huchomoza kwa siku 7 hadi 14, lakini mbuzi na kichaa huweza kuchukua wiki 4 au zaidi. Mwaka wangu wa kwanza nilimwaga trei ya kichaa siku ya 16, na siku chache baadaye, nilipokuwa nikitoa takataka, nikaona vikonyo vyeupe vitatu vilivyojikunja kama ndoana vikitokeza kwenye ule udongo niliokwisha kuutupa.

Mara kikonyo cha kwanza kinapoonekana, washa taa siku hiyo hiyo. Mche uliokosa mwanga hata kwa siku mbili hurefuka ukawa mwembamba kama uzi, na kuurekebisha ni kazi. Taa ya LED nyeupe ya kawaida, ile ya gereji au karakana, inatosha. Si lazima ununue zile za zambarau. Itundike sentimita 15 hadi 30 juu ya miche kulingana na nguvu yake, uipandishe kadiri miche inavyokua, na uifunge kwenye swichi ya saa iwake kwa muda wa saa 14 hadi 16 kila siku. Taa ya wati 40 inayowaka kwa muda wa saa 16 kila siku hutumia takriban uniti 19 za umeme kwa mwezi, hesabu ambayo mwenye kulipa bili atapenda kuijua.

Adui mkubwa wa umri huu ni kinyausi: shina hunywea pale linapogusa udongo, na mche ulale kana kwamba umekatwa. Husababishwa na kuvu wapendao udongo uliolowa na hewa iliyotuama, kwa hiyo mwagilia kwa kutia maji chini ya trei, uache uso ukauke kidogo, na uweke feni ndogo ipepee taratibu. Feni hiyo pia huimarisha mashina.

Majani halisi mawili, yale yanayofuata vijani vya mwanzo, yakishatoka, hamishia kila mche kwenye chungu cha sentimita 8 hadi 10 na uanze mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa. Chungu cha mwisho kiwe cha lita 10 au zaidi kwa hoho. Kichaa huridhika na lita 6. Maua hujichavusha, ila ndani hakuna upepo wa kuyatikisa, basi yagonge kwa kidole kila asubuhi. Tunda likioza kitako, tazama kwanza umwagiliaji wako, kwani kukauka na kulowana kwa zamu huzuia kalsiamu kulifikia.

Anayetaka kutoa miche nje huko Minneapolis, mji wa Minnesota, asubiri mwisho wa Mei, usiku usiposhuka chini ya nyuzi 13, na aizoeshe jua kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Hesabu nyuma kutoka hapo: sia hoho wiki 8 hadi 10 kabla, mbuzi na kichaa wiki 12 au zaidi. Mwezi wa Septemba, kabla baridi haijauma, pogoa matawi, osha majani hasa upande wa chini wanakojificha vidukari, kisha urudishe chungu ndani; mpilipili huishi miaka kadhaa, na msimu wa pili huanza kuzaa mapema kuliko wa kwanza.