Jinsi ya kuomba kiwanja kibadilishwe kutoka makazi kuwa makazi na biashara, jirani na stesheni ya Tabora

Kabla hujamwita fundi, itoe hati kabatini uisome. Usiishie kwenye ukurasa wenye jina lako, fika mpaka kwenye masharti. Hapo pameandikwa matumizi ya kiwanja, na kama kilipimwa zamani kwa ajili ya nyumba ya kuishi, neno utakalokuta ni makazi, basi. Pembeni yake kuna herufi za kundi na daraja la matumizi ambazo wengi huzipita bila kuziangalia. Hati nyingi za zamani ni za Kiingereza, kwa hiyo kama hukielewi tafuta wa kukusomea, na asiwe dalali. Herufi hizo ndizo zinazoamua kama fremu za maduka unazotaka kutoboa ukuta wa mbele ni biashara halali au ni kupakwa X nyekundu ya kubomolewa.

Nayaandika haya kwa sababu nilizunguka ofisi hizo na shangazi yangu, ambaye nyumba yake iko mtaa wa nyuma ya stesheni. Miaka yote aliuza chai na maandazi barazani, hakuna aliyemsumbua. Siku alipotaka fremu mbili mbele na vyumba vinne vya wageni uani, mambo yakawa mengine. Ofisini anayepika maandazi barazani kwake haangaliwi sawa na anayejenga maduka.

Tamaa yake inaeleweka. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma ikafikiwa 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Tangu hapo mji huu ni njia panda: wa Mwanza, wa Kigoma na wa Mpanda wote wanapita hapa, wengine wakisubiri saa kadhaa na mizigo yao. Sasa inajengwa SGR, yaani reli ya kisasa, kipande cha Makutupora–Tabora cha kilomita 368, cha Tabora–Isaka cha 165 na cha Tabora–Kigoma cha 506, na bei za viwanja zinapandishwa kwa maneno matupu. Dalali akikunyooshea kidole akisema "stesheni mpya hii hapa", mshukuru, kisha nenda ukaulize manispaa wakuonyeshe kwenye ramani.

Mambo ya kuhakikisha kabla ya kulipa chochote

La kwanza ni jina. Kama hati bado ina jina la marehemu baba, huwezi kuomba wewe kwa sababu tu ndiye unayeishi pale. Familia imteue msimamizi wa mirathi, mahakama imthibitishe, kisha jina libadilishwe kwenye hati. Inachosha, najua, lakini ukiruka hapa faili litarudi.

La pili, pango la ardhi, yaani malipo ya kila mwaka kwa serikali kwa kumiliki kiwanja. Deni la miaka mitano likiwa limelala kwenye mfumo, hakuna atakayeligusa ombi lako. Omba kontro namba, yaani namba ya malipo ya serikali, ulipe, utunze risiti. Watu huchanganya pango la ardhi na kodi ya majengo ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ni vitu viwili tofauti, na kununua umeme hakulipi pango.

La tatu ndilo linalowaumiza wanaokaa karibu na reli: hifadhi, yaani ukanda wa reli au barabara usioruhusiwa kujengwa. Kwa mjini ni mita 15 kila upande wa njia ya reli, nje ya mji mita 30. Eneo la stesheni lenyewe, pamoja na maghala na nyumba za Shirika la Reli, lina mipaka yake ambayo haifuati hesabu hiyo, kwa hiyo usipime kwa hatua za miguu. Na kama mbele yako kuna barabara kuu au ya mkoa iliyo chini ya TANROADS, wakala wa barabara, hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Barabara za mitaa ziko kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na upana wake huonekana kwenye mchoro wa mipango miji. Sehemu ya kiwanja ikiangukia kwenye hifadhi, kubadilishiwa matumizi hakutakuokoa siku ya bomoabomoa.

Huna hati kabisa? Basi ombi hili si lako kwa sasa. Anza na urasimishaji wa makazi kwenye mtaa wako, upimiwe, umilikishwe, ndipo urudi hapa.

Kuonana na afisa mipango miji

Nenda Manispaa, idara ya ardhi, umwombe afisa mipango miji akufungulie mchoro wa eneo lenu. Hili ni la kuuliza tu, halina malipo, na kwa maoni yangu ndiyo saa moja yenye faida kuliko zote katika safari nzima. Muulize mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa matumizi ya ardhi ya mji, unasemaje kuhusu mtaa wako, kama kuna jirani aliyewahi kukubaliwa, na kama matumizi unayotaka yanalingana na ukubwa wa kiwanja. Shangazi alidhani "makazi na biashara" ni chandarua kinachofunika kila kitu. Hapana. Duka chini ya nyumba ya kuishi ni jambo moja, nyumba ya kulala wageni ni jingine, baa ni jingine kabisa, na gereji usiseme. Ukiombea fremu ukajenga gesti, umejenga kinyume na masharti ingawa mkononi una barua ya kibali.

Afisa atakuuliza na ya kwake: magari yatasimama wapi, maji ya mvua yataelekea wapi, vyoo vingapi, takataka zitakaa wapi. Kando ya stesheni swali la magari ni zito kwa sababu bajaji na boda tayari zimejaa. Sisi tulikubali kurudisha ukuta wa mbele ndani hatua chache ili mteja asisimame barabarani. Fremu zilipungua kina, lakini hoja hiyo haikurudi tena kwenye kikao.

Barua na viambatisho

Ombi huandikwa kwa Mkurugenzi wa Manispaa. Halihitaji maneno ya kupendeza. Yetu ilikuwa na umbo hili:

"YAH: OMBI LA KUBADILI MATUMIZI YA KIWANJA NA. … KITALU … KUTOKA MAKAZI KUWA MAKAZI NA BIASHARA. Mimi ni mmiliki wa kiwanja kilichotajwa hapo juu chenye hati namba … Ninaomba kubadilishiwa matumizi ili niweze kujenga fremu mbili za maduka upande wa barabara na vyumba vinne vya kulala wageni upande wa nyuma, huku nikiendelea kuishi katika nyumba iliyopo. Sehemu ya kuegesha magari imeonyeshwa kwenye mchoro ulioambatishwa."

Ambatisha nakala ya hati, risiti ya pango ya mwaka huu, kitambulisho, ramani ya upimaji, na mchoro mwepesi unaoonyesha kilichopo na kinachokuja. Kama nyumba ni ya familia, weka na ridhaa ya mwenza wako kwa maandishi, maana ugomvi wa ndani ukizuka katikati ya safari ndio mbaya kuliko wote. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Ukiambiwa "iache tu mama, tutakupigia", simama hapo hapo uuombe mhuri kwa upole.

Ada utapewa kwa kontro namba. Usimpe mtu fedha mkononi, hata awe na kitambulisho shingoni.

Siku 30 za tangazo

Ombi likipokelewa, jirani na mji mzima lazima wapewe nafasi ya kupinga. Bango linasimikwa kwenye kiwanja likieleza namba, kitalu, matumizi ya sasa na yanayoombwa, na tangazo linatoka gazetini. Mwenye pingamizi ana siku 30 kulipeleka kwa Mkurugenzi.

Hapa ndipo tulipopigwa. Gazeti lilitoka, tukalinunua kwa furaha, shangazi akalikunja akaliweka kwenye sanduku. Wiki ya tatu kijana wa jirani akalisoma akasema, "Shangazi, mbona hapa wameandika Kitalu C na chako ni G?" Herufi moja. Gazeti lilisema walichapa walicholetewa, aliyepeleka tangazo akasema alituma sahihi. Tangazo likatoka upya, siku 30 zikaanza upya, na gharama ikawa yetu. Kwa hiyo lisome tangazo lako neno kwa neno kabla halijatumwa, na siku likitoka lisome tena papo hapo, hati ikiwa mkono wa pili. Bango nalo lipige picha siku ya kusimikwa na siku ya mwisho, tarehe ionekane. Mbuzi na watoto wa shule hawaheshimu mabango.

Na usisubiri jirani aione habari yako kwenye bango. Nenda kwake jioni, kaa kwenye mkeka, mweleze. Jirani wa shangazi, mzee mstaafu wa reli, alikuwa amesikia kwamba inajengwa baa. Alikuwa na haki ya kukasirika, usingizi wake tayari unakatwa na honi za treni. Alipoambiwa ni duka na vyumba vya wageni, akauliza jambo moja tu: dirisha la chumba cha mwisho litatazama wapi? Tukalihamisha. Mwenyekiti wa mtaa naye mpitie mapema, maana pingamizi nyingi huanzia kwenye kibaraza chake. Likija pingamizi la kweli, lijibu kwa maandishi, hoja kwa hoja. Usitume vijana.

Ukaguzi, kamati na idhini

Wataalamu watakuja kuona kiwanja. Uwepo wewe mwenyewe, geti likiwa wazi, na usiwe umeshaanza kuchimba msingi. Ukikutwa umeanza, unakuwa umejiandikia barua ya kukataliwa.

Kisha faili linakwenda kwenye kamati ya madiwani inayoshughulikia mipango miji na mazingira. Kwa kawaida kamati hii hukaa mara moja kila robo ya mwaka, hivyo ukichelewa wiki moja unaweza kusubiri miezi mitatu. Uliza tarehe ya kikao kijacho na siku ya mwisho ya kupokea mafaili. Mwaka wa uchaguzi mkuu baraza la madiwani huvunjwa. Ukiangukia kipindi hicho, uliza nani anashika kazi za kamati.

Kamati ikikubali, mapendekezo yanapelekwa ofisi ya ardhi ya mkoa kwa ajili ya idhini ya wizara. Usishangae likikaa. Nenda kila baada ya wiki mbili na nakala yako yenye mhuri, uulize faili liko meza gani. Likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingine ni maegesho tu, na hilo linarekebishika.

Likipita, masharti ya umilikaji nayo yanabadilishwa: hati ya zamani inarudishwa na kuandaliwa nyingine yenye matumizi mapya. Kuanzia hapo pango linakokotolewa kwa kiwango cha matumizi hayo, ambacho kiko juu kuliko cha makazi peke yake. Piga hesabu hiyo mapema, kabla ya hesabu ya matofali. Fremu isipopata mpangaji, pango halitakusubiri.

Kibali cha ujenzi na leseni

Barua ya kubadilishiwa matumizi haikuruhusu kujenga. Michoro kamili ya jengo inapelekwa Manispaa kuombewa kibali cha ujenzi, na kwa vyumba vya wageni watu wa afya na zimamoto nao watataka kuiona. Leseni ya biashara inakuja mwisho, na ni ya mfanyabiashara, si ya kiwanja. Nimekutana na watu wanaotundika leseni ukutani wakiamini imebadilisha matumizi ya nyumba. Haijabadilisha kitu.

Fremu zikishasimama, kila mpangaji atataka mita yake ya umeme. Hapo rudi kwenye ile kodi ya majengo: mita tatu kwenye jengo moja zinaweza kukatwa kodi zote tatu. Andika namba za mita zote, peleka kwenye ofisi inayosimamia kodi hiyo, omba ibaki kwenye mita moja. Shangazi aligundua mwezi wa nne, mpangaji wa duka la kwanza alipomletea ujumbe wa LUKU kwenye simu akiuliza hii shilingi elfu na mia tano ni ya nani.