Kuanzisha kisomo ndani ya kikoba

Ukitaka kuanzisha darasa la kisomo, yaani la watu wazima kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, mtaani kwako, usihangaike kutafuta jengo. Tafuta kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Mimi ni mwezeshaji wa kisomo huku Muheza, mkoani Tanga, na kwa ninavyoona, elimu ya watu wazima ya miaka ijayo haitashushwa na gari la halmashauri. Itakaa pale ambapo akina mama wameshazoea kukutana kila wiki, hela iko mezani, na kila mmoja ana sababu ya kutaka kujua kilichoandikwa kwenye kitabu chake cha hisa.

Bibi zetu walisoma kwa wito wa nchi nzima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka kama asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Kazi kubwa ile, tusiibeze. Lakini mtu akishafuzu halafu nyumbani hana cha kusoma, herufi humtoka. Kanda ya ziwa walikuwa na gazeti lao la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Kwingine kulikuwa na vitabu vya kisomo, navyo vikichanika basi. Leo cha kusoma kinaingia kwenye simu kila siku, hata kwenye kitochi. Anzia hapo.

Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kikoba, si kwa wanachama. Akikubali, omba nusu saa baada ya marejesho. Usiulize mbele za watu nani hajui kusoma. Hakuna atakayenyoosha mkono, na wiki ijayo wawili watatu hawatatokea kabisa. Uliza nani anataka kuitoa hela yake kwa wakala bila kumpa mjukuu namba ya siri. Hapo utapata darasa.

Kama wewe ni mdogo kwao, shikamoo itangulie chaki. Waite Mama Fulani, Bibi, Mzee, kama wanavyoitwa siku zote. Wao ni wanakisomo, si wanafunzi, na anayechelewa kwa sababu ya msiba au mgonjwa hasemwi.

Sasa somo lenyewe. Usianze na a, e, i, o, u peke yake, wataona umewarudisha chekechea. Anza na neno linalowauma. Mimi hupenda *deni*. Acha waliongelee kwanza: nani anadaiwa, riba ya kikoba na ya wale wakopeshaji wa mtaani zinatofautianaje. Wakishapasha, liandike ubaoni kubwa, likate: de-ni. Kisha panga familia zake, ya kwanza da de di do du, ya pili na ne ni no nu. Waambie waunde maneno wao wenyewe. Watapata dini, dona, idadi, nunua, dunia. Yote hayo kutokana na neno moja! Kiswahili kimetupendelea hapa, silabi inasomwa kama ilivyoandikwa. Wiki inayofuata chukua *hisa*, baadaye *riba*. Maneno yenye herufi zilizobanana, kama mbwa na ng'ombe, yasubiri hadi mkono uzoee.

Hesabu zisingoje kusoma kuishe. Wengi wanajumlisha kichwani kukushinda wewe, hasa waliozoea kuuza machungwa. Wanachokosa ni kuiandika hesabu na kuikagua ya mwingine. Tumia vitabu vyao vya hisa. Mhazini atakununia kidogo siku za mwanzo. Mwache.

Silabi zikishakaa, leta meseji za simu. Ile ya matapeli inayosema "ile hela tuma kwenye namba hii" ndiyo kitabu changu cha kwanza cha kiada. Ni fupi, kila mtu ameshatumiwa, na mtu akiisoma mwenyewe anacheka kwa hasira. Baada yake soma meseji ya muamala wa kweli: imetoka kwa nani, kiasi gani, salio limebaki ngapi. Kadi ya kliniki nayo ifuate.

Kabla hujasema mtu fulani ni mzito, mwangalie macho. Anayelisogeza daftari mbali, au anayesema chaki haionekani wakati wenzake wanaiona, huenda anahitaji miwani tu. Aliyevuka miaka arobaini na kitu, miwani ya kusomea inaweza kuwa nusu ya kisomo chake. Mshauri akapimwe, na kikundi kikiweza kimsaidie kununua.

Kalenda wapange wao. Masika ni palizi, ukilazimisha utafundisha viti. Wanaume, niseme ukweli, huja wakipewa saa yao, jioni, bila wake zao kuwatazama. Sijapata dawa nyingine.

Posho ya mwezeshaji ndiyo inayoua madarasa mengi. Usiahidiwe ukakaa kungoja. Wanachama wapige kura wachange kiasi kidogo cha chaki na nauli ya mwezeshaji, kiandikwe kwenye katiba ya kikundi, kisichanganywe na mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida. Wakati huohuo, jitambulishe kwa Afisa Elimu Kata na kwa Afisa Elimu ya Watu Wazima wa wilaya, darasa liandikishwe chini ya MUKEJA, mpango wa serikali wa elimu ya watu wazima katika jamii. Kwa njia hiyo litahesabiwa, na vitabu vikija mtakumbukwa.

Atakayetaka kuendelea, hasa binti aliyeacha shule, mwelekeze Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima aulize kuhusu Mtihani wa Maarifa, ambao ndio mlango wake wa kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wengine watatosheka na walichokifuata, nao wameshafuzu. Mmoja wao mwenye sauti na subira mpe chaki afundishe wapya, wewe ukiwa umekaa nyuma.

Daftari la mahudhurio andika nakala mbili: moja ya kikundi, moja ya Afisa Elimu Kata.