Namna ya Kuwaenzi Wauguzi na Waokoaji wa Mtaani Kwenu

Mji unaotaka kuwaenzi wauguzi wake na watu wanaowahi kufika penye ajali, uwe Busia, Malaba au Arua, uanze kwa kuuliza kazi hiyo hufanywa na nani hasa. Orodha ya haraka humtaja daktari, mkuu wa kituo cha afya na mkuu wa polisi, na wote wanastahili. Humsahau muuguzi wa zamu ya usiku aliyeachiwa wodi peke yake, mkunga, mfanya usafi anayeosha damu sakafuni, dereva wa ambulensi, wajitolea wa Msalaba Mwekundu, timu ya afya ya kijiji, na mwendesha bodaboda anayembeba majeruhi kabla gari lolote halijafika. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na msimamizi wa kituo watawasaidia kuwapata, lakini waulizeni pia jamaa waliowahi kuuguza, kwa kuwa hapa Uganda ndugu wa mgonjwa ndiye anayetandika mkeka kando ya kitanda, akapika uji na kufua, naye huyaona mengi ambayo msimamizi hayaoni.

Wakati unaofaa ni mwanzo wa Mei. Tarehe 5 ni Siku ya Kimataifa ya Wakunga, tarehe 8 ni ya Msalaba Mwekundu, na tarehe 12, aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, ni ya wauguzi. Panga shughuli fupi wakati wa kupokezana zamu, ili wanaotoka na wanaoingia wahudhurie na wagonjwa wasiachwe bila mtu.

Kati ya yote mtakayofanya, naipa barua uzito wa kwanza. Vyeti vyenye maneno ya jumla huishia kabatini, ilhali barua inayosimulia tendo moja humfaa mtu hata anapoombewa kupandishwa cheo. Badala ya kuandika kwamba muuguzi fulani ana moyo wa huruma, andikeni kwamba usiku ule mama alipovuja damu nyingi baada ya kujifungua, muuguzi huyo alimkanda tumbo la uzazi, akamtundikia dripu, akaita ambulensi, kisha akapanda naye mpaka hospitali ya rufaa huku mkono wake haujaondoka tumboni mwa mgonjwa. Mwombeni mama mwenyewe idhini kwanza, na akikataa jina lake lisiandikwe. Nakala moja apewe muuguzi, nyingine iende kwa afisa wa afya wa wilaya, ya tatu iwekwe kwenye faili lake. Someni barua hiyo mbele ya watu, polepole, kwa lugha ambayo mzee wa kijiji na mchuuzi wa mpakani wanaielewa.

Zawadi zina mtego wake. Bahasha ya pesa anayotiliwa muuguzi mfukoni, hata ikitolewa kwa nia safi, inaweza kuonekana kama rushwa na kumtia matatani. Michango ipitie kwa uongozi wa kituo, iandikwe katika daftari la stoo, na iwe ya vitu ambavyo wafanyakazi wenyewe wamesema wanavihitaji: glavu, sabuni, ndoo zenye bomba za kunawia mikono, taa ya sola, au majani ya chai na sukari ya zamu ya usiku. Glavu zinaweza kuonekana zawadi ndogo, lakini nchi hii inajua gharama ya kuzikosa. Ebola ilipoingia Gulu mwaka 2000, hospitali ya Lacor ilipoteza wauguzi kadhaa na mkuu wake, Daktari Matthew Lukwiya, aliyefariki tarehe 5 Desemba mwaka huo. Na mlipuko mwingine wa Ebola uliotangazwa Kampala tarehe 30 Januari 2025 ulijulikana baada ya kifo cha muuguzi wa hospitali ya Mulago. Kama kituo chenu kimempoteza mtu kazini, mtajeni katika shughuli hiyo baada ya kuiomba familia yake ruhusa, na iwekeni familia hiyo viti vya mbele.

Msiingie wodini na kamera. Wala msiwasimamishe wauguzi juani wakisikiliza hotuba za wanasiasa, kwani mtu aliyekesha anahitaji kwenda kulala.

Kwa waendesha bodaboda na vijana wa stendi, heshima inayodumu ni mafunzo. Andikieni tawi la Msalaba Mwekundu lililo karibu, mwombe mkufunzi wa huduma ya kwanza awafundishe kuzuia damu kwa kukandamiza jeraha, na namna ya kumwinua majeruhi bila kumpinda shingo. Kila anayemaliza apewe jozi kadhaa za glavu za kuweka kwenye pikipiki, na nambari za dharura, 999 na 112, zibandikwe stendi pamoja na simu ya kituo cha afya. Baada ya miezi mitatu, mmoja wenu arudi kuuliza ni glavu ngapi zimebaki.